Ramu Mbili na Macho ya Mama

Kompyuta ile ililia siku ya kwanza ilipowashwa. Piii ndefu, ikanyamaza. Piii nyingine, ikanyamaza. Piii tena. Skrini nyeusi tii. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikatoka na mwiko mkononi, nikasimama mlangoni nikamwambia mume wangu, "Hicho kitu chako kinalia kama mfiwa. Kizime." Akacheka. Akasema kompyuta mpya ni kama mtoto mchanga, haisimami siku hiyo hiyo. Mimi sikucheka hata kidogo. Nimezaliwa Mbozi, kwenye nyumba ambayo kitu kikilia bila kuguswa watu wazima hutazamana. Nilirudi jikoni nikakuta ugali umeshika chini.

Hii ilikuwa Tunduma, miaka ile kabla Songwe haijawa mkoa, tulipokuwa bado tunahesabiwa Mbeya. Tulikuwa tumefunga ndoa miezi michache nyuma na kupanga vyumba viwili karibu na barabara ya malori. Malori yalijipanga usiku na mchana yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, na vumbi lake lilikuwa mpangaji wa tatu katika nyumba yetu. Ungefuta meza, ukageuka kusuuza kitambaa, ukigeuka tena meza imeshakuwa nyekundu. Mume wangu alikuwa karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Kompyuta alijifunzia hapo ofisini, kwa kufungua zilizokufa, na alipojua kidogo akajiona anajua kila kitu. Nasema hivi kwa upendo, lakini nasema.

Kompyuta aliijenga kwa ajili ya kazi moja, CD ya harusi yetu. Na mtu aliyeisubiri CD ile kuliko sisi wote alikuwa mama yangu.

Kwenye ukoo wetu mama mzazi hamsindikizi binti anapokwenda kufunga ndoa. Anampaka mafuta alfajiri, anamfungia chumbani na kumpa maneno yake, halafu anabaki. Gari likiondoka yeye anaingia ndani na kufunga mlango, mpaka watu warudi kumsimulia. Ndivyo bibi alivyomfanyia mama, na mama akanifanyia mimi. Lakini zamani binti alivalia nyumbani, mama akamwona alivyopendeza kabla hajamkabidhi kwa watu. Mimi nilipanda gari nikiwa na gauni la kushindia na kanga mbili. Gauni jeupe lilikuwa la kukodi, liko Tunduma, saluni iko Tunduma, na kanisa liko Tunduma. Kwa hiyo mama yangu, aliyenizaa peke yangu baada ya kuzika wengine, hakuniona nikiwa bibi harusi hata kwa dakika moja. Alinishika mashavu akasema, "Nitakuona kwenye CD. Mwambie mumeo asichelewe." Nikasema sawa mama. Nilidhani ni jambo la wiki mbili.

Mpiga picha wetu alikuwa na mikanda michache, na kila mkanda ulikuwa umeona harusi nyingi kuliko mchungaji. Utaratibu wao ulikuwa huo, mjini kote: picha zikishahamishiwa kwenye kompyuta, mkanda unarudi kwenye kamera, na Jumamosi inayofuata anarekodiwa mtu mwingine juu yako. Mume wangu alimwambia, "Nipe picha zote kwenye hadidiski yangu, nitazikata mwenyewe. Hii ni harusi yangu." Yule akampa, akafuta zile za kwake apate nafasi, na mkanda akaenda nao kwenye kipaimara. Kuanzia hapo harusi yetu yote ilikuwa sehemu moja tu duniani, ndani ya kile kisanduku cha chuma ambacho mume wangu alikifunga kwa skrubu kwenye kompyuta yake mpya.

Vifaa vilikuja kwa basi kutoka Dar, maboksi yamepasuka pembeni, vumbi limejaa mpaka kwenye matundu ya waya. Ramu moja ilikuja navyo. Kwa asiyejua, ramu ni kibao chembamba, kirefu kama kitana, ambacho kompyuta hutandazia kazi inayoifanya kwa wakati huo. Fundi cherehani mwenye meza kubwa anatandaza kitambaa chote, mwenye kijimeza anahangaika na vipande. Kukata video kunataka meza kubwa, kwa hiyo mume wangu alivuka mpaka akanunua ramu ya pili Nakonde, kwa Mzambia mmoja muuza vifaa vya mitumba, ili ziwe mbili.

Kabla ya kuziunganisha alisema lazima vumbi litoke. Na vumbi Tunduma lilitolewa mahali pamoja: gereji ya matairi. Mtu wa simu alikwenda huko, wa redio alikwenda huko, wa steshenari alibeba printa yake kichwani akaenda huko. Kompresa inayojaza upepo matairi ya malori, ndiyo hiyo hiyo ikupulizie mashine yako. Tulikwenda asubuhi, baridi ile ya kwetu ya mwezi wa saba ambayo mtu anavaa koti juu ya koti. Fundi wa matairi akachekelea. "Lete hapa bosi, nikupulizie vumbi lote lihamie Zambia!" Akabonyeza. Upepo ukatoka kwa kelele, na mbele yake ukatangulia kama ukungu, matone madogo madogo yakakaa juu ya ile madabodi, yaani lile bamba kubwa ambalo kila kitu huchomekwa. Nikasema, "Mbona maji?" Fundi akalifuta kwa kitambaa chake cheusi. "Jasho la mashine tu, dada. Linakauka." Mume wangu naye akasema linakauka. Tukarudi nyumbani, akaunganisha, akawasha, na kikalia.

Alizitoa ramu akazirudisha, akazikandamiza kwa kidole gumba mpaka zikatoa mlio wa ta! na safari hii ikawaka. Alinibeba juujuu kwa furaha. Siku chache mambo yakaenda. Aliniita nione picha za kanisani, nami nikajiona natembea katikati ya mabenchi, mama mdogo kanishika mkono mahali ambapo wenzangu wengine hushikwa na mama zao. Nilibubujikwa na machozi. Nikasema hii ndiyo mama anaisubiri.

Siku hizo hizo mama mdogo akapiga simu. Yeye ni mdogo wake mama na walikuwa wakiishi pamoja kijijini, kwenye mashamba yetu ya kahawa. Alisema, "Dada amemimina chai pembeni ya kikombe. Amemimina yote, mezani, huku anaongea." Mama alikuwa na kisukari miaka mingi, tunakijua, tumekizoea kama jirani mkorofi. Walimpeleka hospitali Mbeya, daktari akamulika akasema sukari imekula nyuma ya macho, na kilicholiwa hakirudi. Kinachobaki nacho kinaondoka. Lini, hakusema. Nikaomba niongee na mama mwenyewe. "Mwanangu," akasema, "ukungu umeingia ndani ya nyumba na hautaki kutoka." Halafu, kwa sauti yake ile ile ya kunikaripia, "Huyo mumeo anajenga kompyuta au anajenga daraja? Mwambie mimi sina macho ya akiba." Nilicheka, maana ndivyo alivyotaka.

Mume wangu akaanza kukimbizana. Akitoka kazini hali chakula, anakaa mbele ya kompyuta. Na hapo ndipo ilipoanza ubaya wake. Anakata vipande vizuri, dakika kumi, robo saa, ghafla skrini inageuka bluu, maandishi meupe yanamwagika, inajizima na kujiwasha upya na ile piii. Anaanza tena. Inaganda. Anaanza tena. Alisema ni joto, akaifungua ubavu na kuielekezea feni. Alisema ni umeme, akaazima stabilaiza ofisini. Alichukua raba ya mtoto wa jirani, ile ya kufutia penseli, akasugua meno ya ramu mpaka yakang'aa. Siku ile ikatulia, akasema, "Umeona? Ni uchafu tu." Akaendelea kukata na kuhifadhi, kukata na kuhifadhi, juu ya zile zile za mwanzo kwa kukosa nafasi.

Jumapili baada ya ibada aliniita nione. Ilikuwa pale mbele ya madhabahu, mchungaji ameniuliza swali lake, nami nainua uso kumjibu. Picha ikasita. Uso wangu ukakatika vipande vya mraba, kimoja kikaruka juu, kingine kikashuka, macho yangu yakahamia shavuni na kubaki hapo. Sauti ikawa inakwaruza. Mdomo haukuwepo, palikuwa na rangi ya kijani tupu. "Zima," nikamwambia. Akasema ngoja nirudishe nyuma. "Nimesema zima!" Akazima. Kesho yake saa nne asubuhi simu ikaita, mama mdogo: jicho la kushoto la mama limekwenda. Ameamka nalo liko wazi, lakini haoni kitu.

Jamani, mimi ni msomi wa kidato cha nne na ni Mkristo. Lakini niliogopa. Niliogopa kile chombo kama mtu anavyoogopa mbwa aliyekwisha kumng'ata mtu wa nyumbani. Nikamwambia mume wangu, "Hicho kitu kinakula macho ya mama." Akaniangalia. "Mke wangu, usianze." Nikamwambia sianzi mimi, kimeanza chenyewe. Nikapafunika pale na kitenge, na kila nilipopita kufagia nilipita upande wa pili wa chumba.

Mnaniuliza kwa nini hatukupeleka hadidiski kwa watu wengine. Nilimwuliza hilo kabla yenu, tena kwa sauti. Mjini palikuwa na mtu mmoja tu wa kukata video za harusi, wapiga picha wote walimpelekea yeye, na kompyuta yake ilikuwa na virusi mpaka watu waliogopa kuchomeka flashi. Alikuwa amekwisha kula harusi ya watu wa Ndalambo nzima nzima, wakabaki na picha ya keki. Mume wangu akasema bora kifo anachokijua.

Basi akaamua mwenye kosa ni ramu ya Nakonde. Kwetu mpakani ndivyo ilivyo: kitu kikiharibika, kilichotoka ng'ambo ndicho kilichokiharibu. Sukari ikiloa ni ya Zambia, betri ikifa ni ya Zambia, na wao huko wanasema hivyo hivyo juu ya vitu vyetu. Aliichomoa, tukavuka pamoja Jumamosi. Yule Mzambia alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Mulishani," akatusalimu kwa Kibemba, mume wangu hakuitika. Alikwenda moja kwa moja kwenye matusi, eti umeniuzia takataka, eti mnatuona wajinga. Mzee akaichukua ramu, akaichomeka kwenye kompyuta yake pale pale mezani, akaiwasha. Ikawaka. Akaweka CD ya kupimia, mashine ikaanza kuandika tarakimu na kuzisoma tena, moja moja, kuona kama inakumbuka ilichoandika. Tulikaa hapo mpaka jua likatuhama. Haikukosea hata mara moja. Mzee akasema kwa Kiswahili chake, "Hii ni nzima, bwana. Shida iko kwenu kule." Hata hivyo akatupa nyingine badala yake, na ile CD ya kupimia akatupa pia. Nadhani alitaka tuondoke mbele ya wateja wake.

Tukarudi, mume wangu akaweka ramu mpya, akawasha kipimo. Tarakimu zikaanza kupanda. Kisha ukatokea mstari mwekundu. Chini yake mwingine. Chini yake mwingine, mpaka skrini nzima ikawa nyekundu inateremka, inateremka, haina mwisho. Mume wangu alikuwa amekaa mikono mapajani. Nilisimama nyuma yake nikiwaza kwamba yule mzee alisema kweli: shida iko kwetu.

Mama mdogo alipiga tena. Mama alikwenda shambani kuchuma kahawa akiwa mbishi, hakuna wa kumzuia, akarudi na kikapu cha kahawa mbichi, kijani kitupu. Alikuwa amechuma kwa kupapasa. Wenzake wakaimwaga ile kahawa kando na kumjazia nyekundu kwenye kikapu bila kumwambia. "Anauliza CD kila siku," mama mdogo akasema. "Sasa anaona kivuli cha mtu akikaa dirishani. Ukikaa mbali na dirisha, hupo." Nikamwuliza muda gani umebaki. Akasema, "Wewe mtoto, mimi ni daktari?" Halafu akalia, nami nikalia, pesa za simu zikaisha tukiwa tunalia.

Niliweka simu chini, nikaenda nikaondoa kitenge juu ya kompyuta mwenyewe. Nikamwambia mume wangu, "Kaa. Leo hatuli mpaka tujue kilichomo." Ilikuwa Jumamosi iliyofuata, asubuhi, vumbi limetulia kwa manyunyu. Alikuwa amechoka hata kubisha. Nikachukua kigoda nikakaa chini karibu yake, namshikia vitu. Tulifanya kitu ambacho angekifanya tangu mwanzo kama asingekuwa na haraka ya kulaumu. Tulichomoa ramu zote mbili. Tukaweka ya Dar peke yake kwenye tundu la kwanza, tukapima: safi. Tukaitoa, tukaweka ya Nakonde peke yake kwenye tundu hilo hilo: safi. Kwa hiyo ramu zote nzima. Tukaihamishia ya Dar kwenye tundu la pili. Nyekundu. Ya Nakonde kwenye tundu la pili. Nyekundu.

Aliwasha tochi ya simu akainamisha uso mpaka pua ikagusa chuma. Ndani ya lile tundu la pili, chini kabisa, kwenye vijimeno vya shaba, palikuwa na kutu ya kijani, ile inayoota kwenye vichwa vya betri ya gari. Kumbe lile jasho la mashine halikukauka. Kompresa hukusanya maji tumboni mwake kwenye baridi, na maji yale tuliyapeleka wenyewe, kwa miguu yetu, tukaomba yapuliziwe ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila kipande cha harusi ambacho mume wangu alikikata na kukihifadhi kilipita kwenye tundu lile, kikatoka na jeraha.

Aliweka uso kwenye viganja. Mimi nina ulimi, watu wote wananijua, na siku ile ulimi ulikuwa umejaa. Nikautazama mgongo wake, shati la kazini limelowa kwapani, nikaumeza. Nikasema, "Tundu la kwanza linafanya kazi?" Akasema linafanya. "Basi fanya na hilo."

Kwa ramu moja kompyuta haikulia tena. Ila ilikwenda kama mzee anayepanda mlima. Vipande alivyokuwa hajavigusa vilikuwa salama: kuingia kanisani, keki, watu wakicheza, mimi nikicheka na meno yote nje. Vile alivyovihifadhi kabla vilikuwa vimekufa, na kiapo chetu kilikuwa ndani yake. Alijaribu kila alichokijua, mwisho akakiacha kilivyo, sauti inakwaruza na uso wangu umekatika, maana bila hicho hiyo si harusi. Alisema mama atasikia ninavyosema ndiyo, japo kwa mkwaruzo. Kisha akaiamuru kompyuta ijumlishe yote iwe CD. Ilianza Jumatatu asubuhi. Umeme ukakatika ikiwa nusu. Akaazima jenereta ya ofisini, akaanza upya, mimi nikashinda nimekaa pembeni naiangalia ile namba ya asilimia. Simu iliita mchana. Mama mdogo alisema neno moja, "Njooni." Nikamwuliza kuna nini. "Njooni tu. Msisubiri Jumapili."

CD ilitoka ikiwa ya moto. Niliibeba kifuani chini ya sweta.

Tulipanda gari mpaka Vwawa, kutoka hapo tukachukua pikipiki moja wote wawili, njia ya udongo imeloa, tunashuka kusukuma na kupanda. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba, huoni mti wa tatu. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, tena kwa hasira: Bwana, jicho moja tu, saa moja tu, halafu sikusumbui tena. Mume wangu alikuwa anarudia, "Tutawahi. Tutawahi." Sijui alikuwa anamwambia nani.

Nyumbani tulikuta mama amekaa sebuleni kwenye kiti chake, ameoga, amevaa kitenge cha Krismasi na kilemba. "Karibuni, karibuni, nimewaona tangu mnaingia uani," akasema, akanyoosha mikono. Nilijitupa kwake. Alinishika mashavu kama siku ile. Alikuwa na afya ya mwili kabisa, anacheka, anatania. "Haya mkwe, daraja limeisha?" Mume wangu akachuchumaa kwa heshima karibu na mlango, kama desturi ya mkwe inavyotaka, akasema, "Limeisha mama. Nisamehe kwa kuchelewa." Mama akasema hakuna kuchelewa, ameona mengi na hili ataliona. Nikapumua. Nilimtazama mama mdogo nimshangae kwa kututisha, lakini alikuwa ameinama anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Nyumba ya mama haikuwa na umeme. Jirani mmoja, mwanakwaya, alileta jenereta yake, televisheni yake na deki yake ya CD, na watu wakajaa sebuleni na dirishani. Mume wangu alisimama upande wa mezani akitoa CD kwenye bahasha na kuipangusa kwa pindo la shati, akihofia vumbi. Jenereta ikaguruma huko nje. Televisheni ikawaka. Na deki, ikiwa na CD ya jirani tangu alipoitumia mara ya mwisho, ikaanza kucheza yenyewe: kwaya, wanawake wenye sare za njano wamesimama kwenye mawe ya mtoni, wanayumba kulia na kushoto wanaimba.

Jirani akanyoosha mkono aitoe. Kabla hajafika, mama akaegemea mbele, akapiga makofi mara moja.

"Ee Mungu wangu! Mwoneni mwanangu. Mwoneni na shela lake!"

Mkono wa jirani ukabaki hewani. Kwaya ikaendelea kuimba. Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye sauti, umejaa furaha, na macho yake yote mawili yalikuwa yametulia kwenye ukuta mtupu juu ya televisheni.

"Umependeza," akasema. "Umependeza kuliko nilivyofikiri. Na huyo aliyekushika mkono, si mdogo wangu huyo? Anavyojibana!" Akacheka. Mama mdogo alijifunika mdomo kwa kanga.

Jirani akanitazama. Mume wangu akanitazama, CD ikiwa kwenye kidole chake. Niliwatikisia kichwa wote wawili. Nikasogeza kigoda nikakaa miguuni kwa mama. "Ndiyo mama," nikasema. "Ndiye yeye. Na huyo kando yake ni mimi, naingia." Akaniuliza mchungaji yuko wapi, nikamwambia yuko mbele. Akasema amemwona. Wanawake wa njano walimaliza wimbo mmoja wakaanza mwingine, na mwingine, na mama akasifu kila kitu, maua, keki, suti, viatu. Hakuna mtu aliyetoka. Waliokuwa dirishani walisimama pale pale kwenye manyunyu mpaka CD ya kwaya ikaisha na sauti ikakatika.

"Imeisha?" mama akauliza.

"Imeisha, mama."

Akavuta pumzi, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, pale mume wangu alipokuwa amechuchumaa tulipoingia. Hapakuwa na mtu. "Mkwe wangu," akauambia ule mlango, "ahsante. Nimesikia ulivyohangaika na hiyo mashine. Kazi yako nimeiona yote."

Mume wangu alikuwa bado upande wa pili wa chumba, karibu na meza. Alitumbukiza CD kwenye mfuko wa shati. Akavua viatu vyake, akapita taratibu nyuma ya kiti cha mama, watu wakivuta miguu kumpisha, bila kugusa kitu, mpaka mlangoni. Akachuchumaa pale uso wa mama ulipoelekea, na akiwa hapo ndipo akaitika.

"Ahsante, mama."